Bunduki ya Nukta Mbili

Hounslow, London
Jumapili, 7 Septemba 2025

Baba mpendwa,

Najua masikio yamekususa na simu umeitupa kabatini, basi nakuandikia kama ulivyotufundisha darasani, tarehe juu na jina chini. Mwanao Evans atakuchapishia hapo dukani kwake Mwingi. Akichelewa, mkumbushe ile simu aliyonililia hadi nikamtumia.

Mimi mzima. Baridi ndiyo inaanza kunyemelea. Bado natoka hapa Hounslow alfajiri, napanda basi la 281 hadi Twickenham kwa yule mzee niliyekutajia, Gerald, aliyekuwa ofisa wa KAR, lile jeshi la wakoloni, huko kwetu enzi za hali ya hatari. Miguu imemwisha, na akili inakuja na kuondoka. Namwosha, namlisha, namgeuza. Siku nyingine huniita "boi". Mwanzoni nilikuwa nacheka.

Lakini leo nataka kukueleza habari za bunduki. Iko sebuleni kwao, juu ya meko. Ni ile Mark Four waliyokuwa wakibeba askari wa chifu tulipokuwa watoto, ya mbao na chuma, ila mtutu umezibwa isipige tena. Kila mwezi mimi ndiye naipangusa kwa mafuta, maana binti yake, Emma, anasema nina mkono mwepesi. Na Krismasi, haki ya Mungu, Baba, wanaitundikia soksi za zawadi za wajukuu! Soksi zimejaa peremende, zinaning'inia kwenye mtutu wa bunduki, na watoto wanapiga makofi. Gerald humwambia kila mgeni kwamba alimpokonya gaidi msituni. Wageni husema "oo" huku wanatafuna biskuti.

Sasa nyumba inauzwa. Gerald anapelekwa kwenye makao ya wazee, na vitu vinakwenda mnadani. Alhamisi alikuja mthamini. Akafungua skurubu za lile bamba la kitakoni mwa bunduki, pale panapokaa begani, ili aikague mbao. Chini ya bamba kulikuwa na alama iliyochomwa kwa moto. Emma akaniita mbio, "Zippy, njoo uone, alama ya kiapo cha Mau Mau!" Nikaenda na glavu zangu za kazi mkononi.

Baba, ni alama ya mizinga yetu ya nyuki. Mistari miwili imesimama, na mmoja umepinda katikati. Nimeiona kwenye mizinga yako tangu sijajua kusoma. Nikakaa kwenye kiti cha Gerald bila kuomba ruhusa. Emma akadhani nimeogopa uchawi, maskini, akaniletea maji.

Babu Munyoki si alifungwa kwa mambo ya bunduki? Hukuwahi kutueleza. Tukikuuliza ulikuwa unatoka nje kwenda kuangalia ng'ombe. Leo hakuna ng'ombe hapa, nieleze.

Mwanao,
Zipporah


Mwingi
15 Septemba 2025

Mwanangu Zipporah,

Barua yako nimeisoma, nikaiweka chini ya Biblia, nikaitoa tena. Umeandika vizuri, ila umesahau kuwasalimia wazee wa kanisa. Nimewaambia umewasalimia, kwa hiyo nina dhambi moja juu yako.

Umeuliza, nami ni mzee, sina tena pa kutoka kwenda.

Babu yako Munyoki na mdogo wake Ndunda, huyu baba mdogo wangu unayemjua, waliandikwa Keya pamoja, ndilo jina tulilowaita hao KAR, wakawekwa platuni moja. Kabla ya hapo kazi yao ilikuwa kurina asali. Alama uliyoiona ni ya ukoo wetu wote, lakini kila mwenye mizinga huongeza kitu chake kidogo ili asali isigombaniwe. Baba alikuwa anaweka nukta moja chini ya ule mstari uliopinda. Ndunda anaweka nukta mbili mpaka leo. Huko jeshini bunduki zote zilifanana, na mwenye mbovu alikuwa anasubiri mwenzake alale ili abadilishe. Basi ndugu hawa wakachoma zao kwa msumari wa moto, mahali ambapo mkaguzi hafungui. Hawakuzoea kuacha kitu chao bila alama.

Siku moja baba aliwekwa zamu ya kulinda hema la bunduki. Kulipopambazuka moja haikuwepo, na ilikuwa ya Ndunda. Wazungu wakasema mlinzi ameiuza kwa watu wa msituni. Baba akaapa mbele yao kwamba hakuna mgeni aliyepita. Walimpiga, wakamfunga, kisha wakamrudisha nyumbani bila hata viatu. Nilikuwa mtoto. Nilimwona anakuja kwa njia ya mtoni nikakimbia kumwambia mama kuna mwendawazimu anakuja.

Wakamwita Muuza Bunduki. Shuleni mimi nikawa Mtoto wa Muuza Bunduki, na hata nilipokuwa mwalimu mkuu kuna wazazi waliolisema jina hilo nikigeuka. Alipokufa, ukoo ulikataa alale pamoja na wazee. Ndiyo sababu kaburi lake liko nje ya ua, pale mbuzi wanapopita. Ninyi mliambiwa ni kwa sababu ya mawe.

Ndunda ndiye aliyetushika mkono. Alirudi akiwa sajini, na pensheni yake, akanisomesha mpaka chuo cha ualimu. Leo ndiye mkubwa wa ukoo, na bila kauli yake hakuna kinachosogea. Nimemwomba tumwingize baba ndani. Kila mara anasema tusiwasumbue wafu.

Zipporah, ninataka jambo moja tu kabla sijafa: baba yangu alale ndani ya ua. Tazama chini ya alama hiyo. Ukiona nukta mbili, basi ndiyo ile ya Ndunda iliyopotea. Mzungu wako ndiye mwizi, na baba hakuuza kitu. Ndunda atafurahi kuliko mimi. Piga picha, ulete.

Baba yako,
J. Munyoki, Mwalimu (mstaafu)


Hounslow, London
Jumapili, 21 Septemba 2025

Baba mpendwa,

Ni nukta mbili. Picha hiyo hapo, nimeipiga karibu kabisa, na kidole changu kiko kando ili wasije wakasema ni ya kuokota mtandaoni.

Babu hakuuza kitu, Baba. Alipigwa kwa ajili ya pambo la ukutani. Nimelia kwenye basi, mpaka mama mmoja wa Kihindi, tunayepanda naye kila siku bila kusemezana, akanipa leso yake na kunishika goti hadi kituo changu.

Gerald mwenyewe hakusema la maana, akili yake haiko. Nakuomba usimwendee Babu Ndunda kwa sasa. Ni mzee sana, mshtuko unaweza kumdhuru. Ningojee Desemba nije, tumwendee pamoja.

Wasalimie wazee wa kanisa. Umeona, leo sikusahau.

Mwanao,
Zipporah


Hounslow, London
Jumapili hiyo hiyo

Evans,

Hii usiichapishe. Isome, ifute, na usimwonyeshe Baba uso wako mpaka utulie.

Nimemdanganya Baba. Gerald alisema, na alisema sana.

Jumatano nilikuwa namwosha. Kiingereza chake siku hizi kimevurugika, lakini kile Kiswahili cha jeshini kimebaki kizima, sijui kwa nini Mungu amekiacha. Nikamwuliza, "Ile bunduki ulipata wapi?" Akacheka kama mtoto aliyekutwa na sukari mdomoni.

"Ile? Ile ya Ndunda! Ndunda askari muzuri sana. Mimi nasema, mimi nataka moja ya kupeleka Ulaya. Yeye naleta mwenyewe. Ile ya zamu, ndugu yake, hapana lala. Lakini Ndunda naita yeye, njoo, kunywa chai kwa moto. Yeye nakwenda. Bas! Kesho nahesabu, bunduki hapana. Shauri yake. Ndunda mimi napa utepe tatu."

Akainua mkono na kuweka vidole vitatu pale panapokaa utepe wa sajini. Sabuni ilikuwa inamtiririka hadi kwenye kiwiko. Alikuwa anafurahi, Evans. Alidhani nitafurahi pamoja naye.

Nilimaliza kumwosha. Nikampangusa katikati ya vidole vya miguu, nikampaka losheni, nikamvalisha. Kisha nikaingia choo chao cha wageni, kile chenye sabuni za umbo la konokono ambazo hakuna anayeruhusiwa kuzitumia, nikatapika. Nikazitumia zile sabuni, zote.

Annonciata, tunayepokezana naye zamu, anasema nimsamehe, eti mzee hajui anachosema. Anajua vizuri sana! Hajui leo ni siku gani, lakini hilo analijua.

Na si yeye aliyenitapisha. Kutoka kwake sikutarajia mengi. Ni yule mwingine. Yule aliyenipakata akanilisha masega ya asali na kuniambia niteme nta. Alimwita ndugu yake kunywa chai, Evans! Chai! Kisha akarudi nyumbani na utepe wake, akala pensheni, akamlea mtoto wa ndugu yake ili aonekane mwema. Nikikumbuka nilivyokuwa naramba vidole, nasikia kinyaa hadi kwenye meno.

Halafu Emma. Nilipomwambia ile alama si ya kiapo, ni ya mizinga ya ukoo wetu, macho yakamtoka. Akanikumbatia. Akaniomba nimwandikie mistari michache, na sahihi yangu, ya kuwekwa kwenye orodha ya mnada. Eti wanunuzi wanapenda bunduki yenye hadithi. Nikamwambia, andika kwamba baba yako aliiba na mtu akafungwa. Akacheka, akasema nina mzaha mkavu.

Mimi sijui la kufanya. Baba anampenda Babu Ndunda kuliko alivyompenda baba yake. Ukisema, tutamuua. Usiposema, kaburi litabaki kwa mbuzi. Ile picha usimpe kwanza.

Dadako,
Zipporah


Mwingi
29 Septemba 2025

Sista,

Umechelewa. Picha ilikuwa imetoka kwenye printa kabla sijafungua hii yako ya pili. Baba aliinyakua ikiwa bado na joto, akavaa lile koti lake la Jumapili na tukafuatana, maana hakutaka kungoja hata dakika. Njia nzima anaimba, Zipporah. Unajua anavyoimba tangu masikio yafe, kama trekta.

Tukamkuta Babu Ndunda uani, anaota jua. Baba akampa picha mkononi. Babu akaitazama kwa karibu sana, akaitazama tena, akaiweka kwenye goti. Baba akasema, "Baba mdogo, umeiona? Ni bunduki yako! Baba hakuiuza!" Akasimama hapo anatabasamu, anangoja.

Babu hakumjibu yeye. Alinigeukia mimi na kusema polepole, hivi nakuandikia maneno yake mwenyewe: "Kwani ananiuliza nini tena? Nilishamwambia. Nimemwambia mara nyingi, pale kwenye mizinga. Kwamba niliitoa mimi, mzungu aliitaka. Kwamba nilimwita Munyoki kwenye moto. Nimemwambia yote, na kila mara aliitikia kwa kichwa. Sisi tumeshamalizana."

Nikamwuliza, lini hiyo, Babu? Akasema, tangu miaka ile mkewe alipofariki. Nimehesabu. Baba alikuwa ameshakuwa kiziwi.

Na kuna kingine nilichomuuliza, na sasa najuta. Nani aliyesema kaburi liwe nje ya ua? Akasema, "Mimi. Ningelalaje kando yake?"

Baba bado alikuwa anatabasamu. Akaniuliza, "Anasema nini? Amefurahi?" Nami nikaitikia kwa kichwa. Mungu anisamehe, nikafanya kile kile.

Tangu siku hiyo sili. Shombo la yule mzee limenikaa puani. Wewe ndiye mkubwa, niambie. Nimwandikie Baba?

Evans


Hounslow, London
29 Septemba 2025

Evans,

Mwandikie. Yote. Herufi kubwa, miwani yake imechoka. Usipunguze hata neno la chai. Mimi nilikosea kumficha, nilidhani namhurumia, kumbe nilikuwa namfanyia walichomfanyia wengine.

Twickenham sirudi. Nimewaambia ejensi wanitafutie mgonjwa mwingine, hata wa kuuma. Emma amenipigia, sauti ya asali, anauliza kama kuna kitu kimeniudhi. Kisha akasema kwa kuwa mimi ni kama mtu wa familia, bunduki nichukue mwenyewe, bure, iwe kumbukumbu. Kumbukumbu! Nikakata simu, nikanawa mikono.

Zipporah


Mwingi
12 Oktoba 2025

Mwanangu Zipporah,

Evans aliandika kwa herufi kubwa hata aliye barabarani angeweza kusoma. Nilisoma nikiwa jikoni kwa mama yako. Nikamwambia kijana atoke. Akatoka, akakaa mlangoni, nami nikamwona kivuli chake muda wote.

Wewe hujui nilivyoishi tangu masikio yafe. Mtu akinisemesha natazama uso wake, na akinyamaza naitikia kwa kichwa. Nimemwitikia mchungaji, nimemwitikia chifu, nimemwitikia muuza mbuzi mpaka nikauziwa beberu mgonjwa. Ndunda alikuwa anakuja kule kwenye mizinga, ananishika mkono, anasema na kusema, na machozi yanamtoka. Nilidhani anamlilia mkewe. Nikaitikia. Hata nikampigapiga begani! Alikwenda akalala usingizi kwa kichwa changu, na baba akaendelea kukanyagwa na mbuzi. Alikuwa na miaka yote ya masikio yangu mazima, Zipporah, na aliingoja ipite ndipo aseme.

Nimechefukwa. Sijui neno jingine, na mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Asali yake iliyokuwa ndani nimeimwaga nyuma ya choo, na sufuria nimeisugua kwa majivu mpaka mama yako akaninyang'anya. Hata shule niliyosomeshwa nimeanza kuionea kinyaa, na hiyo siwezi kuimwaga popote.

Jana niliita ukoo. Walikuja wengi, walidhani kuna posa. Ndunda wakamkalisha kwenye kiti cha mbele, kama kawaida. Nikasimama na kusema, sijui kwa sauti gani, Evans anasema kuku walikimbia: "Baba mdogo, yale uliyokuwa unaniambia kwenye mizinga sikuyasikia. Hata moja. Rudia. Na usinitazame mimi, watazame hawa."

Mzee aliwageukia. Kisha mdomo ukafunguka. Mimi sikumtazama, nilikuwa natazama watu. Nilimwona shangazi yako anaacha kutafuna. Nilimwona mchungaji anavua kofia, anaivaa, anaivua tena. Nikawaona wale wazee waliomwita baba Muuza Bunduki, wote wanatazama viatu vyao. Mwisho mjukuu wake mwenyewe, yule wa benki, akainuka, akatema mate chini, akaondoka bila kuaga. Hapo nikajua amelisema lote, hata la chai.

Baba aliapa mbele ya wazungu kwamba hakuna mgeni aliyepita. Alisema kweli. Aliyepita alikuwa mdogo wake. Sijui kama alijua na akamfichia, au kama hakuwahi hata kumfikiria. La kwanza likinijia naumia. La pili likinijia naumia zaidi.

Hatukumfukua. Mama yako alisema mifupa iachwe ipumzike, na hilo nimelikubali. Tumesogeza ua. Evans na vijana waling'oa nguzo upande wote ule, wakazichimbia upya ng'ambo ya kaburi, na leo baada ya ibada tumekaza waya. Sasa yuko ndani, karibu na babake. Mbuzi walirudi jioni wakafika pale wakasimama, wanatushangaa.

Bunduki usiilete, hata ukibembelezwa. Waache wanaopenda hadithi wainunue.

Nilikuwa nakaza waya wa mwisho Ndunda alipokuja, peke yake, na mkongojo wake. Alisimama upande wa nje. Akanyoosha kidole kwenye ile nafasi iliyobaki kando ya baba, na midomo yake ikaanza kwenda. Ilikwenda kwa muda mrefu. Nilimtazama mpaka akanyamaza, akaningoja.

Safari hii sikuitikia kwa kichwa.

Baba yako,
J. Munyoki